Kitanda Ndani ya Hiace

Watu wengine hujenga kwanza ndipo waoe, na wengine huoa kwanza ndipo wahangaike na kujenga. Machage alioa, akanunua Hiace, halafu akaigeuza hiyo Hiace kuwa nyumba. Pale Getongwe walimcheka, lakini walimcheka wakiwa wamelowa. Miaka ile ya rashi, dhahabu ilipotoka kwenye kile kilima na watu wakamiminika kutoka Tarime, Musoma, Geita hadi ng'ambo ya Sirari, mtu mwenye bati juu ya kichwa chake alikuwa mheshimiwa. Wenzake walijibanza chini ya maturubai, na mvua ikinyesha usiku walilala wamesimama.

Hiace yenyewe ilikuwa ya dizeli, ya kubebea mizigo, ile ndefu isiyo na madirisha ubavuni. Aliipata Sirari kwa kuuza ng'ombe alioachiwa na baba yake, na ukoo mzima ukanuna. Mkurya kuuza ng'ombe ili anunue bati lenye magurudumu! Kaka zake walimuuliza kama hilo bati litazaa. Machage akawajibu kwamba ng'ombe wao hawawezi kupeleka unga machimboni, akawasha gari, akawaachia moshi mweusi uani.

Dizeli alikuwa anaisifia mpaka unamchoka. Machimboni, alisema, petroli unaitafuta kwa tochi, lakini dizeli ipo kwenye mapipa kila upande, maana makarasha ya kusagia mawe yanakunywa dizeli kutwa. Hayo yalikuwa kweli. Alichokuwa hasemi ni kwamba dizeli ya mapipa ilikuja na maji na mchanga wake. Gari lilivuta upepo, likazima katikati ya korongo, na Machage akainua kiti cha mbele, kwa sababu injini ya Hiace hukaliwa na dereva, akapampu kwa kidole gumba mpaka upepo uishe na jasho limwishe na yeye.

"Hiyo gari yako inataka nepi," Shaaban, mfanyabiashara wa Mugumu aliyekuwa na Nissan Caravan, alimwambia.

"Na yako inataka sanda," Machage akajibu. Hapo alimshinda, kwa sababu Caravan ya Shaaban ilikuwa imepasua silinda hedi na kutwa ilikuwa juu ya mawe kwa fundi.

Mkewe Machage aliitwa Robi, na kama kuna mtu alistahili nyumba katika hadithi hii ni yeye. Tangu aolewe alikuwa anaishi Tarime ndani ya nyumba ya mama yake Machage, akipikia moto usio wake. Huko huko mimba mbili zilimtoka. Hakumlaumu mtu, ila alipoambiwa mumewe anakwenda Getongwe kupeleka unga, kamba na boriti za kuegemeza maduara, yale mashimo ya dhahabu, alifunga nguo zake akapanda mbele bila kuuliza. Majuma ya kwanza walilala juu ya magunia. Asubuhi moja Robi akaamka mweupe toka nywele hadi miguu, akasema basi, mwanamke halali juu ya unga wa watu.

Ndipo walipompelekea gari Ashiraf, seremala wa Tarime ambaye baba yake alitoka Tanga, na ambaye nusu ya mji ule ilizaliwa juu ya vitanda vyake. Ashiraf alizunguka Hiace huku akiipapasa, akauliza maswali mawili matatu, kisha akafanya kazi ya kujivunia. Aliweka kitanda cha mninga mwisho wa gari, kimekatiza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na chini yake masanduku ya vyombo na nguo. Kona ya mlangoni aliipigilia bati ili jiko la mkaa lisiunguze mbao. Akatoboa kidirisha, akatia pazia. Miguu ya kitanda aliifunga kwa bolti zilizopita sakafuni, na nati zake akazichomelea kwa chini.

"Hiki hakiachani na gari mpaka Kiyama, inshallah," alisema.

Machage alifurahi. Robi alifurahi zaidi, na akaleta jambo lake. Alisema moto wake hauwezi kuwashwa hivi hivi kama moto wa mgambo. Nyumba ya mke hubarikiwa kwanza, pombe ikanywewa, mume akapokea ugali wa kwanza mbele ya rika lake. Machage alicheka mpaka akakaa chini. Gari libarikiwe? Lakini kicheko kilipokwisha aliona kwamba hilo litakuwa jambo la kusimuliwa machimboni mwaka mzima, na Machage alipenda sana kusimuliwa. Akakubali.

Robi akatuma habari kwa mama yake, Wegesa, mjane aliyekuwa amehamia Issenye na mwanawe Simioni kufuata malisho. Wegesa akatuma ulezi wa pombe kutoka ghalani kwake. Yeye mwenyewe hakuja, kwa sababu mama mkwe hana shughuli kwenye nyumba ya mkwewe. Siku ilipofika, mzee mmoja wa ukoo wa Machage aliyekuwa anachimba palepale Getongwe alipuliza pombe mlangoni, kitandani, jikoni, na kwa kuwa alikuwa keshakunywa kidogo, akapulizia na matairi. Watu walishangilia. Machage akasimama mlangoni, akapokea ugali, akatangaza kwa sauti, "Karibuni nyumbani kwangu!" Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na kibuyu mkononi?

Wakaishi. Asubuhi Machage alipeleka mzigo, jioni aliegesha pale pale penye alama za matairi yake, na Robi akapika uji wa kuwauzia wachimbaji. Mimba ya tatu ikaingia ndani ya Hiace hiyo, na mara hii ikakaa. Ilipofika mwezi wa tano Robi alianza kuimba akiosha vyombo. Machage naye alianza kuendesha polepole kwenye mashimo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipobeba soda.

Asubuhi moja Simioni alitokea kwa baiskeli, amelowa jasho, akaitupa chini bila kuiegemeza. Mama yake alikuwa amekwenda kuokota kuni kando ya shamba akakanyaga bafe, yule nyoka mnene mvivu asiyempisha mtu. Wamembandika jiwe la nyoka, limeshika, limeanguka, na mguu unazidi kuvimba. Gari la kambi ya watalii limeingia hifadhini. Mkokoteni wa ng'ombe utafika hospitali ya Mugumu kesho. Kwenye baiskeli hawezi kukaa.

"Shemeji, ni hii gari yako tu," alisema.

Machage alishusha magunia yote chini, mengine yakapasuka, hakujali. Gari likawaka kwa jaribio la kwanza, dizeli ikakubali, na wakafika Issenye kabla jua halijapanda sana.

Wegesa alikuwa amelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, kivulini mwa ghala lake. Mguu ulikuwa umejaa hadi juu ya goti, ngozi inang'aa, na midomo yake ilikuwa mikavu, lakini akili ilikuwa pale pale. Machage hakumsogelea. Kwa mila yao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaitani majina, wala mmoja haingii mahali mwenzake anapolala. Tangu aoe hawakuwahi kuzungumza ila kwa kupitia Robi. Basi akaegesha, akashuka, akaenda kusimama upande wa pili wa ghala akiwa amewapa mgongo. Robi akafungua mlango wa gari, ule wa kusukuma.

Wegesa aliinua kichwa, akaona. Aliona kitanda kimetandikwa shuka la maua, na suruali ya Machage imening'inia kwenye msumari. Akavuta khanga akajifunika uso.

"Funga," alisema.

"Mama, tunakupeleka hospitali."

"Nimesema funga. Hiyo ni nyumba ya mkwe wangu."

"Mama, ni gari! Si unaona matairi?"

"Matairi nayaona. Gari gani hupulizwa pombe? Ule ulezi ulitoka kwenye hili ghala, Robi, nimeuchambua kwa mkono wangu. Uliniambia ni wa nyumba. Ulinidanganya?"

Simioni akasema wafunike kitanda kwa turubai. Wegesa akamuuliza kama mtu akifunikwa turubai huacha kuwa mtu. Simioni akapandisha sauti, akamwambia kwamba atakufa hapo kwa ajili ya kitanda.

"Nikifa nimekufa mimi," Wegesa akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mtoto wangu amepoteza wawili. Huyu wa tatu amekaa. Leo mimi niingie nikalale anapolala na mume wake, halafu huyu naye atoke, nitamwambia nini? Niacheni na mguu wangu."

Nyuma ya ghala Machage alisikia kila neno. Mpaka hapo alikuwa anamwona bibi huyu mkaidi tu, na moyoni alikuwa keshamtukana. Sasa aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mwanamke yule alikuwa tayari kufa kwa ajili ya mtoto wake yeye Machage, na yeye alikuwa amebariki nyumba ili apate kusimuliwa.

"Robi!" akaita, bado amegeukia mbugani. "Mwambie mama kitanda kinatoka."

Akaingia garini na spana. Bolti zilikuwa zimekunywa matope ya Getongwe na kuungana na nati. Spana ikateleza, ikamchuna vidole, ikateleza tena. Kazi ya Ashiraf ilikuwa nzuri kupita kiasi, na Machage alimlaani kwa uzuri huo. Mwishowe akaomba shoka. Yeye na Simioni wakakivunja kitanda cha mninga vipande vipande, wakavitupa uani. Godoro likatoka, shuka likatoka, masanduku yakatoka. Jiko na vyungu Robi alivitoa mwenyewe, kimoja kimoja, bila kumruhusu mtu amsaidie. Alipotoa pazia alilishika mkononi muda mrefu kidogo. Ilikuwa nyumba yake ya kwanza, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpa pole.

"Tayari, mama," alisema. "Hamna kitu. Ni sakafu tu."

Wegesa alifunua khanga kidogo, akachungulia. Alikuwa ameanza kutetemeka.

"Kitanda changu mimi kiliwahi kuliwa na mchwa," alisema. "Nikalala chini mwaka mzima. Nyumba haikuacha kuwa nyumba. Simioni, nyumba tunaihama vipi?"

Simioni alitazama chini. Alijua, na Machage, aliyekuwa amerudi nyuma ya ghala, alijua, na ndiyo sababu hakuna aliyetaka kusema. Ukihama nyumba unang'oa nyasi za kilele cha paa, ili mbingu ione mahali moto ulipokuwa. Hapo ndipo nyumba inakuwa imekufa na mtu yeyote anaweza kupita ndani yake.

"Hiace haina nyasi, mama," Simioni alisema.

"Ina nini?"

"Ina bati."

"Basi," alisema Wegesa, akajifunika tena.

Simioni alizunguka ghala akamfuata shemeji yake. Alinong'ona kwamba wasubiri kidogo. Mama anazidi kuchoka, muda si mrefu atapoteza fahamu, na hapo watambeba wamwingize, hatajua. Gari litabaki zima. Nitasema ukweli wa Machage kwa kuwa yeye mwenyewe hakuuficha baadaye: aliliwaza hilo. Alimwaza bibi akizimia. Aliiwaza Hiace yake, ng'ombe wa baba yake wote wamo ndani ya bati lile, akawaza mvua ikiingia juu ya unga, kutu ikila bodi, kaka zake wakicheka. Alisimama pale akisubiri mama wa mkewe azimie, na kila akisikia sauti yake bado ipo, alivunjika moyo.

Robi alitokea kwenye kona ya ghala. Alikuwa amesikia. Hakupiga kelele.

"Na yeye?" aliuliza, mkono umeshika tumbo. "Atajua? Au na yeye tumsubiri azimie?"

Machage alimtazama. Kama wewe ni mtu wa mjini unaweza kusema hayo ya laana ni mambo ya kale, na labda ni kweli. Machage naye alikuwa anasema hivyo hivyo akiwa Sirari na watu wa mjini. Lakini hapa palikuwa na tumbo lile mbele yake. Akaokota shoka.

Alipanda juu ya gari kwa kukanyaga tairi na dirisha. Paa lilikuwa safi, kwa sababu kila Jumapili alikuwa analiosha hata pale maji yalipokuwa ya kununua. Alitafuta mahali palipokuwa na jiko chini yake. Pigo la kwanza liliruka, likaacha mkwaruzo. La pili likabonyeza bati. La tatu likaingia, na baada ya hapo alipiga kwa hasira, akipiga bati na kujipiga mwenyewe, mpaka akakata duara la ukubwa wa ungo na kulikunja kwa mtaimbo. Jua likaanguka ndani ya gari, juu ya sakafu, pale pale moto ulipokuwa.

"Mbingu inaona, mama," Robi alisema.

Wegesa alifunua khanga, akaangalia. "Niingizeni," alisema.

Machage alirudi nyuma ya ghala. Simioni na Robi walimbeba na ngozi yake, wakamlaza sakafuni, wakafunga blanketi nyuma ya kiti cha dereva ili wakwe wasionane. Ndipo Machage alipoitwa, akaingia mbele, akawasha. Kutoka Issenye hadi Mugumu aliendesha kama mtu aliyebeba mayai huku akikimbizwa na simba. Vumbi lilizunguka, likaingia na kutoka juu. Nyuma ya blanketi alimsikia mkewe akimwambia mama yake asifunge macho, na mama mkwe akijibu kwamba hafungi, anatazama mawingu. Walipovuka korongo lililozoea kumzimisha, Machage alimwomba Mungu wa Wakristo na wa wazee wake kwa pamoja, na gari halikuzima.

Hospitalini walimpokea mara moja. Daktari aliutazama mguu, akauliza wamechelewa wapi, na hakuna aliyejua pa kuanzia kumweleza. Sindano ikapatikana. Ilipofika jioni Robi alitoka akakaa kwenye ngazi, akalia kwa mara ya kwanza siku ile, na alipomaliza akasema mama ameomba uji. Mguu hautakatwa. Machage alitaka kumshika mkono mbele za watu, na akamshika.

Wegesa alilala wodini majuma mengi. Machage aliendelea kupeleka unga Getongwe, na tundu akilifunika kwa turubai lililofungwa kamba, ambalo lilipiga makofi njia nzima. Mvua mbili tatu zilimharibia mzigo. Machimboni walimuuliza kama amefungua dirisha la kuangalia ndege. Shaaban alimshauri apande mgomba ndani, maana jua na maji vipo. Machage, mtu wa maneno, alikaza kamba za turubai tu. Robi alirudi kulala juu ya magunia, tumbo limesogea mbele, na hakulalamika, lakini hakuimba pia.

Siku ya kumruhusu Wegesa, Machage aliegesha mbele ya lango la hospitali. Alipomwona mama mkwe wake anatoka amemwegemea Simioni, anachechemea, khanga kichwani, haraka akageuza uso upande wa pili akawa anaisoma senyenge ya uzio. Alisikia hatua zinakuja polepole. Alisubiri kusikia mlango wa kusukuma. Haukufunguliwa.

Wegesa alikuwa amesimama ubavuni mwa Hiace. Aliweka kiganja juu ya bati, akaipapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe aliyekamuliwa vizuri.

"Gari," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mbele. "Gari, asante. Umekubali kupasuliwa kichwa kwa ajili yangu na mjukuu wangu. Sina cha kukulipa."

Robi alisimama mdomo wazi. Simioni akageukia pembeni. Wegesa hakuondoa mkono. Alikuwa anasubiri, na pale kwenye usukani Machage alijua kwamba anasubiriwa, na kwamba mila haimruhusu kumjibu. Macho yakiwa bado kwenye senyenge, alinyoosha mkono akabonyeza honi.

Wegesa akacheka, akasukuma mlango, akainama, akaingia.